Kidole cha Mataji

Kwanza mumjue Sijaona alikuwa mtu wa namna gani, ili mkija kumwonea huruma huko mbele, mumwonee kwa kipimo chake. Alikuwa na mdomo. Pale Newala, kiangazi kikikaza na bomba likikohoa upepo mtupu, yeye ndiye aliyekaa na ufunguo wa tanki la hekalu la Wahindi, na hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyechota bila kumeza maneno yake kwanza.

Hekalu lenyewe lilijengwa na babu wa ukoo mmoja wa wafanyabiashara wa karanga na korosho, enzi za Mwingereza. Lilikuwa dogo, ila waliolijenga walijua kazi yao. Juu ya chumba cha mungu ulisimama mnara uliopanda ngazi kwa ngazi mpaka kwenye chungu cha shaba kileleni. Kulikuwa na kengele mlangoni, sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, na njia nyembamba ya kumzunguka mungu, yeye akiwa daima upande wako wa kulia. Paa lote liliinamishwa makusudi, mvua ishuke kwenye mifereji na kuingia chini ya ua, ndani ya tanki la mawe. Na ukutani, kando ya mlango, zilipangana alama za viganja vyekundu. Kila bi harusi wa ukoo ule, hata kama ameolewa Ulaya, sharti apande mpaka Newala, amsujudie mungu huyo, achovye kiganja kwenye rangi na kuacha alama yake. Bila hivyo, kwao, harusi bado haijaisha.

Wahindi wenyewe walishahama siku nyingi. Aliyebaki ni Mataji, mungu wao wa kike wa marumaru nyeupe, mwenye mikono minne na kimo cha mtoto anayeanza kutembea, pamoja na Sijaona aliyerithi ufagio wa baba yake. Alikuwa Mwislamu asiyekosa sala. Wakimtania sokoni, "Mama Masanamu huyo!" aliwageukia hapohapo: "Mimi nafagia, siabudu. Wewe unafua suruali ya mumeo, umekuwa suruali?"

Mkubwa wa ukoo sasa alikuwa Mama Jayesh, mjane wa Dar es Salaam, na neno lake lilikuwa wazi: maadamu Mataji amekaa pale, chumba cha uani ni cha Sijaona na ufunguo wa tanki ni wake. Siku Mataji akiondoka, wanafunga. Na Mataji angeweza kuondoka kwa jambo moja tu, kuvunjika. Sijaona alishaliona hilo kwa macho yake. Sanamu la mungu mwenye kichwa cha tembo, lililokaa mlangoni, lilikatika mkonga, na siku ileile likateremshwa mto Ruvuma kuzamishwa. Kwao mungu aliyevunjika haabudiwi tena, anarudishwa majini. Na hakuna aliyekuwa na mpango wa kuleta mwingine Newala.

Sasa basi, Jayesh alioa, na habari ikaja kwamba kesho wanapanda na bi harusi. Sijaona akaingia kumwogesha Mataji. Alisugua kwa bidii ya kutaka kusifiwa, kitambaa kikanasa kwenye mkono ule ulioinuliwa kubariki, na kidole kikakatika tap! Kikadunda sakafuni, kikateleza kwenye kitundu cha maji machafu, kikaenda zake.

"Uwii! Nimekufa mimi!"

Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa tope. Akakaa chini pale vigaeni na kulia kwa hasira, akimlaumu Mataji kwa nini asikaze kidole. Halafu akajifuta, akajitanda kanga, akapanda bodaboda mpaka Mkunya kumfuata Dastani, mchongaji wa vinyago.

Dastani alikuja na tupa zake, akaukagua ule mkono huku akinusa ugoro.

"Cheupe cha kufanana na hiki ni pembe ya ndovu," alimwambia Sijaona, akimwita kwa jina la mwanawe. "Hiyo ni jela, Mama Shamila. Kilichobaki ni mfupa wa ng'ombe. Ndio ninaoviwekea vinyago vyangu meno."

"Ng'ombe! Dastani, una wazimu? Hawa watu ng'ombe kwao ni kama mama! Mimi mwenyewe sijawahi kuingiza hata mchuzi wa nyama kwenye ua huu."

"Basi uache hivyohivyo. Kesho uwaambie."

Sijaona akageuka nyuma. Alikitazama chumba chake cha uani, mlango wazi, kitanda chake kinaonekana. Akautazama mfuniko wa tanki.

"Hakuna chokaa? Hakuna jiwe?"

"Chokaa itamumunyuka ukimwagia maji. Jiwe la weupe huu hapa kwetu halipo. Mfupa ukiupaka nta hakuna atakayejua. Kwani watautafuna?"

"Tengeneza," alisema Sijaona. "Na ufunge domo lako."

Jamani, domo alilifunga. Lakini mfupa haudondoki mbinguni. Dastani alikwenda kuuomba stendi, kwa Faidha muuza supu, na akachagua sana, akipima kwa kidole chake, mpaka Faidha akamuuliza anachonga nini. "Kitu cha Mama Shamila," alijibu, na hakuongeza neno.

Na Faidha alikuwa mke mwenzake Sijaona. Marehemu Sadallah, mume wao, alimwoa Faidha akiwa binti mbichi, na Sijaona hakusamehe hata siku moja. Sadallah alipokufa, ugomvi wao ulihamia kwenye maji. Wanawake wengine walipewa ndoo wakasemwa kidogo tu, lakini Faidha alitakiwa apige magoti pale kwenye mfuniko, mbele ya watu, aseme, "Bi mkubwa, naomba maji." Na alikuwa akisema. Supu haipikwi kwa upepo.

Asubuhi ya wageni alikuja na ndoo yake, akapiga magoti, akasema yale maneno.

"Leo hakuna," alijibu Sijaona, akifagia kumwelekea ili vumbi limfuate. "Leo ni siku ya watu wasafi. Nenda kachote machozi, si ulinililia mume wangu mpaka ukampata? Lia tena, ndoo itajaa."

Wanawake walicheka. Faidha aliinuka, akajipangusa magoti, akaenda kukaa na ndoo yake nje ya geti. Hakuondoka.

Wageni walifika wakitokea Masasi, magari yamejaa vumbi la barabarani. Mama Jayesh alishuka taratibu, mwanamke mzito mwenye miguu iliyovimba, akamkumbatia Sijaona kwa machozi ya kweli. "Umemtunza Mataji wetu," alisema. "Mungu akutunze." Nyuma yake alikuwa Jayesh na mkewe Hetal, msichana mwembamba aliyekuwa akitetemeka kwa kufunga tangu jana, ncha za nguo zao zimefungwa pamoja. Pia alikuja maharaji, kasisi wao, aliyeingia moja kwa moja kupanga taa na maua.

Sijaona alisimama mlangoni mwa chumba cha mungu na roho mkononi. Walizunguka, kengele ikalia, watoto wa mtaa wakajazana getini wakisubiri kugawiwa pipi. Kidole kilikaa pale, cheupe, kizuri, kizuri kuliko vingine. Hetal alikiangalia kwa muda. Msichana akainama tu, akagusisha paji lake la uso kwenye mkono uleule.

Kisha wakaleta maziwa. Hilo Sijaona alikuwa amelisahau. Maziwa yalimwagwa juu ya kichwa cha Mataji, yakateremka mabegani, yakapita mikononi, yakadondoka kidole kwa kidole kwenye bakuli la shaba. Maharaji akachota kwa kijiko. Akampa Hetal kiganjani, akanywa. Jayesh akanywa. Mama Jayesh alikunywa amefumba macho, kilichobaki akajipaka kichwani.

"Na Sijaona," alisema Mama Jayesh. "Mpe Sijaona. Amekuwa mtu wetu."

Sijaona alinywa. Hakuwa na la kufanya. Aliwaza, yamekwisha, wataweka kiganja ukutani, watakula, wataondoka.

"Supu imekolea?"

Ilikuwa sauti ya Faidha, ukumbini, na ndoo yake mkononi. Hakuna aliyemwona akiingia.

"Toka!" alifoka Sijaona. "Mtoeni huyu, ana kichaa!"

"Mimi nauliza tu," alisema Faidha, akimtazama Mama Jayesh. "Shikamoo, mama. Kile kidole cha huyo mungu wenu ni mfupa wa ng'ombe. Ulitoka kwenye sufuria yangu. Dastani wa Mkunya aliupima kwa kidole chake mbele yangu, akauchonga jana baada ya huyu hapa kuvunja kile chenu. Nimekaa getini pale tangu asubuhi, nimeona mkinywa."

Mnasikia? Ameona wakinywa! Angeweza kusema mapema. Alingoja mpaka msichana wa watu amemeza.

Mama Jayesh aligeuka. "Sijaona, ni kweli?"

"Uongo! Wallahi uongo! Huyu ni mke mwenzangu, ananichukia tangu—"

Maharaji hakubishana na mtu. Alikishika kidole, akakizungusha, gundi ikaachia. Akakiweka kwenye mwali wa taa. Marumaru hainuki, lakini kile kilianza kuwa cheusi nchani, na harufu ikatoka, harufu ya kwato kwa mchinjaji, ikajaa chumba kile kidogo. Hetal alikimbilia ukutani, akatapika palepale chini ya viganja vya mama mkwe na bibi za mumewe. Jayesh alitaka kumfuata, nguo ikamvuta, wakaanguka wote wawili. Getini watoto wakacheka.

Mama Jayesh hakupiga kelele. Alikaa chini, akawa anajifuta kichwani kwa upande wa sari, palepale alipojipaka maziwa, anafuta na kufuta.

"Ungeniambia amevunjika," alisema mwishowe. "Ningelia. Ningemzamisha, ningekupa chumba hata mjini Masasi. Nilikupenda, Sijaona."

"Nisamehe, mama. Niliogopa."

Mama Jayesh alimtazama maharaji. Maharaji akasema ni lazima arudishwe majini leo, kabla ya jua kuzama. Jayesh akasema Ruvuma ni mbali, na Hetal hawezi kukaa garini vile. Kisha Mama Jayesh akanyoosha mkono kuonyesha ua.

"Maji yapo hapo."

Sijaona alielewa kabla ya wengine. Akapiga magoti. "Mama Jayesh, hapana. Mataji akilala mle hakuna atakayeruhusiwa kuchota tena. Mtaa mzima unakunywa tanki lile. Kuna wazee, kuna wachanga. Mtaa mzima unakunywa, mama!"

"Na mimi leo nimekunywa nini?"



Walimfunga Mataji kwa kitambaa chekundu, na Mama Jayesh akaagiza Sijaona ndiye amteremshe, kwa mikono yake na kwa kamba yake ya kuchotea. Alimteremsha akilia. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, kamba ikamchuna viganja. Maji yalitoa sauti moja tu. Wanawake waliokuwa wakicheka asubuhi walikuwa wamebana getini na ndoo zao, na safari hii walikuwa wakimpigia kelele Faidha: umetuua, mwanamke, ulitaka nini? Faidha alikuwa amepauka. Alitaka Sijaona afukuzwe. Tanki hakuliwazia kabisa.

"Mfuniko ujengewe," alisema Mama Jayesh. Abuu, fundi mwashi aliyeitwa tangu asubuhi kuziba ngazi iliyomeguka, bado alikuwa na saruji kwenye mfuko. Alimwaga mchanga, akachanganya, halafu akasimama.

"Maji ya kukorogea, mama? Humu si hayachotwi tena."

Kweli hayakuwepo. Mama Jayesh aliishiwa nguvu ghafla, akashika kiuno. "Basi," alisema, "tupige kufuli tu. Sijaona, utaondoka na vitu vyako leo. Ufunguo naondoka nao."

Kufuli! Getini pumzi zikashuka. Kufuli ni kufuli tu, wiki ikipita nyundo moja inatosha, na Mungu ni mwenye kusamehe. Faidha alinong'ona, "Alhamdulillahi," na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu.

Sijaona aliliona lile tabasamu. Aliona Faidha atakavyochota asubuhi na jioni bila kupiga magoti, na yeye akiwa kwa mwanawe Shamila huko Masasi, analala jikoni kwa mkwe. Akajifuta machozi kwa kanga. Akaingia chumbani kwake, akatoka amebeba mtungi wake wa maji ya kunywa, umejaa pomoni.

"Mama Shamila, usiyatoe!" alipiga kelele Faidha. "Nakuomba! Bi mkubwa, nakuomba!" Akapiga magoti palepale getini, na wanawake wengine nao wakaanza kumwita Sijaona kwa jina la mwanawe, kwa jina la marehemu mumewe, kwa Mungu.

Sijaona aliumimina mtungi wote juu ya saruji, mpaka tone la mwisho, bila kumwaga pembeni.

"Koroga," alimwambia Abuu. Abuu akamtazama Mama Jayesh, akamtazama yeye, kisha akaokota koleo.