Boma la Ghorofa ya Juu

Aprili 1998, Aketch alikuwa na insha ya chuo kuhusu maboma ya kale yaliyojengwa vileleni mwa vilima. Swali lilikuwa moja: yalikuwa ya kazi gani? Wataalamu wenyewe hawaelewani, na wanalipwa. Wengine wanasema ngome, wengine mahali pa kuabudu, wengine zizi tu la mifugo.

Alianza kuandika sebuleni kwa shangazi yake Awino, ghorofa ya juu kabisa pale Adelphi, huko ughaibuni. Mara wakaja watu wa maombi, akasogea kwenye kona. Maombi yalipoisha, viti vikageuzwa, ikawa kikao cha matanga. Kisha binamu aliyetua jana kutoka Kisumu akatandika godoro juu ya vitabu vyake.

Kwa hasira Aketch akajifungia bafuni, akaketi ndani ya bafu kavu na kuandika: “Kuta ni zilezile. Kazi yake hutegemea nani amebisha hodi. Kwa sasa ni ngome.” Akajipigia makofi kimoyomoyo.

Mlango ukagongwa.

“Aketch, toka humo,” shangazi akasema. “Mzee wangu amerudi kutoka shambani Virginia na mbuzi wetu wa kuchinjwa. Huyo mbuzi atalala hapo bafuni mpaka kesho.”

Aketch akafuta neno “ngome”.