Noti ya Kwanza ya Baladi ya Trautvetter

Jumanne tarehe 11 Machi 1851, saa nne asubuhi, noti tatu za ukurasa wa kwanza hazikulingana na noti tatu za ukurasa wa nne.

Kurasa hizo zilikuwa za baladi ya piano ya Lebrecht Trautvetter, aliyefariki kwa homa ya matumbo Oktoba iliyotangulia. Mimi ni msahihishaji katika nyumba ya uchapaji wa muziki ya Bwana Demuth, hapa Leipzig. Kazi yangu ni kulinganisha mwandiko wa mtunzi na karatasi za majaribio zinazotoka kwenye mabamba ya madini yaliyochongwa noti, ili kilichoandikwa ndicho kichapwe. Marehemu mwenyewe sikumfahamu zaidi ya salamu za barabarani.

Noti hizo tatu ndizo zinazofungua baladi. Mkono wa kushoto unazipiga peke yake, kutoka juu kushuka chini, kabla ya kitu kingine chochote kusikika. Zinarudi katikati, kisha zinarudi mwishoni. Katika ukurasa wa kwanza zilisomeka B, As, E. Katika ukurasa wa nne zilisomeka H, As, E. Sisi Wajerumani huziita noti kwa herufi: As ni kibonye cheusi, B pia ni cheusi, na H ni kile cheupe kinachoifuata B upande wa kulia. Piano haina tofauti ndogo kuliko hiyo, lakini hata mtoto huisikia.

Chanzo chake kilikuwa wazi. Ukurasa wa kwanza una alama nne za kushusha sauti mwanzoni mwa kila mstari, na mojawapo inaishusha noti hiyo ya kwanza. Asipoandika kitu mbele yake, mtunzi anapata B. Sehemu ya katikati haina alama hizo, na hapo asipoandika kitu anapata H. Trautvetter hakuandika kitu mara zote mbili. Noti nyingine mbili alizitilia alama kila zilipohitaji. Nikahitimisha kwamba amesahau alama mahali pamoja, jambo la kila siku kwa watunzi. Swali lilikuwa ni mahali gani. Nikaweka alama ya kuuliza pembeni kwa penseli, nikampelekea Bwana Demuth.

Nilimkuta anakula mkate na soseji.

"Nagler, usiniambie bamba limeharibika."

"Ni noti moja tu, Bwana. Inagongwa kutoka nyuma, inasawazishwa, inapigwa upya."

"Basi ipigwe. Ipi ndiyo yenyewe?"

"Hapo ndipo nilipokwama. Zote mbili zinaingia."

"Siku hizi kila kitu kinaingia!" alisema. "Zamani sonata ilikuwa na adabu zake, unajua nani anaingia mlangoni na nani anatoka. Sasa nachapa baladi, nachapa nyimbo za usiku zisizo na waimbaji, nachapa ndoto za mtu aliyelala msituni, na kila mmoja wao amemficha mchumba wake ndani ya noti." Akaacha kutafuna. "Hebu nisomee hizo herufi."

"Za ukurasa wa nne? H, As, E."

"Hase!" Akapiga meza kwa kiganja. "Unaona? Bi Hase mwenyewe!"

Adelheid Hase ni mwimbaji, na tikiti za maonyesho yake huisha mapema. Alikuwa aolewe na Trautvetter sikukuu ya Pasaka. Jina la ukoo wake maana yake ni sungura, na mji mzima umekwisha kuutania ukoo huo kwa kila namna. Bwana Demuth alikuwa anatafuta sababu ya kuweka jina lake kwenye jalada tangu siku aliyoununua mwandiko.

"Noti ni H kote," alisema. "Jaladani tunaandika: kwa Bi Adelheid Hase. Tumemaliza."

"Na ukurasa wa kwanza, Bwana? B, As, E."

Akaisoma polepole, midomo ikicheza. "Base." Ndilo neno letu la binamu wa kike. "Alikuwa na binamu?"

"Anaye. Ni Bi Ottilie Trautvetter. Ndiye atakayeipiga mbele ya wageni Jumapili nyumbani kwako."

Bwana Demuth akaiweka soseji chini. "Waite wote wawili," alisema. "Na katika barua usiwaambie ni kwa nini. Watafika wamekwisha kugombana."

Walikuja Alhamisi mchana, katika chumba cha nyuma chenye piano tunayojaribia kazi mpya. Bi Hase ndiye aliyeingia kwanza, akivua glavu.

"Nagler wangu, mbona nasikia mjini kwamba nimekuwa kosa la uchapaji?"

"Bado haijathibitika," alisema Bi Ottilie, aliyekuwa nyuma yake mlangoni. "Huenda ni mimi."

Bi Ottilie anafundisha piano. Yeye na Lebrecht walilelewa na babu yao, kanta, yaani kiongozi wa muziki wa kanisa, huko Pegau, na walipohamia mjini walikaa nyumba moja. Yeye ndiye aliyenakili kazi zake zote kwa hati safi, isipokuwa hii ya mwisho. Lebrecht hakumwita kwa jina lake hata siku moja. Ilikuwa ni Base, kahawa. Base, koti langu liko wapi. Base, njoo usikie hii.

Niliwaeleza jambo lenyewe kama nilivyolieleza hapa. Kisha nikauliza kama kuna aliyewahi kumsikia marehemu akiipiga.

"Alinipigia mwenyewe," alisema Bi Hase. "Mwezi wa Septemba, sebuleni kwa mama. Ilikuwa H. Nina sikio, Bwana Nagler, ndilo linalonilisha."

"Nami alinipigia," alisema Bi Ottilie. "Ilikuwa B."

"Aha!" Bwana Demuth alifurahi. "Alikuwa anabadilisha kulingana na aliyekaa kwenye kiti. Mwanamume kamili huyo."

"Bwana Demuth, wewe kula soseji yako," alisema Bi Hase.

Nikauliza tena: alikupigieni yote?

"Mwanzo tu," alisema Bi Ottilie. "Alisema iliyobaki bado mbichi."

"Mimi alinipigia pale penye ngurumo," alisema Bi Hase. "Pako wapi katika kitabu, sijui."

Penye ngurumo ni ukurasa wa nne. Kwa hiyo wote wawili walisema kweli, ila hawakusikia kitu kimoja. Hilo halikuonyesha ni wapi alama ilisahauliwa, kwa sababu Trautvetter alipokaa kwenye piano huenda alisoma karatasi yake mwenyewe pamoja na kosa lake. Niliwaambia hivyo.

Bi Ottilie alikuwa amesimama wima, mikono ameishikanisha mbele. "Sikuja kubembelezwa," alisema. "Ukiona ni H mahali pote, sema H. Ila Jumapili mtafuteni mtu mwingine wa kuipiga. Muziki wote wa Lebrecht nimeusikia kupitia ukutani, ukizaliwa. Nataka kujua kama humo ndani kuna noti tatu zilizokuwa zangu. Ni hilo tu."

"Na akiona ni B mahali pote?" aliuliza Bi Hase.

"Basi nitaipiga vizuri sana, nawe utakaa mstari wa mbele."

Bi Hase akacheka. "Ulimi huu ungepanda jukwaani, mimi ningekosa kazi."

Nilimwomba Bi Ottilie akae apige ukurasa wa nne. Aliupiga kwa H kama ulivyochapwa, na ngurumo ilikuwepo kweli. Nikamwomba aurudie kwa B, bila kubadilisha kitu kingine. Mkono wake wa kushoto ulishuka, ukasita juu ya kibonye, ukajigeuza, kisha ndipo ukapiga.

"Kwa nini umesita?" niliuliza.

"Nimesita?" Akautazama mkono wake. Akajaribu tena, ukasita palepale. "Ni gumba," alisema. "Kwenye H naanza kwa kidole gumba, ndiyo njia rahisi. B ni cheusi, siwezi kukianza kwa gumba, lazima nibadilishe vidole."

"Wapiga piano wa leo wanaweka gumba popote," alisema Bi Hase.

"Wa leo hawakufundishwa na kanta wa Pegau. Babu alikuwa na kopo la ugoro, la fedha, lenye pembe. Gumba likigusa cheusi, kopo linashuka juu ya gumba. Lebrecht alikuwa na kovu hapa." Akaonyesha fundo la kidole. "Hadi anafariki hakuwahi kukiuka. Nilikuwa namtania kwamba anaogopa maiti."

Hapo niliuchukua mwandiko. Katika nyumba yetu namba za vidole hazichapwi, isipokuwa kwenye mazoezi ya wanafunzi. Wanunuzi hawapendi kuelekezwa. Mchongaji wa mabamba huziruka, na jicho la msahihishaji nalo hujifunza kuziruka. Trautvetter alikuwa ameziandika, ndogo, kwa kalamu ileile. Gumba ni moja, kidole cha shahada ni mbili, na kuendelea hadi kidole kidogo, ambacho ni tano.

Ukurasa wa kwanza, juu ya noti tatu: mbili, tatu, tano.

Ukurasa wa nne, juu ya noti tatu: moja, mbili, tano.

Nikazisoma kwa sauti, na Bi Ottilie akaweka mkono kwenye vibonye nilipokuwa nasoma. Namba za kwanza zinakwepa gumba bila sababu yoyote, isipokuwa kibonye kiwe cheusi. Za pili zinaanza na gumba, na kwa mwanafunzi wa Pegau maana yake kibonye ni cheupe. Mtunzi hakusahau alama mahali popote. Hakuandika alama kwa kuwa hazikuhitajika. Mara ya kwanza alitaka B, mara ya pili alitaka H. Nikachukua kifutio, nikafuta alama yangu ya kuuliza.

"Base," alisema Bwana Demuth, akihesabu kwa vidole, "halafu Hase. Mpumbavu wa Mungu! Na H yenyewe, wanasema, ni b ndogo tu ya zamani iliyoandikwa yenye pembe, watu wakaisoma h."

"Na mwishoni?" aliuliza Bi Hase. Hakuwa anacheka tena.

Ukurasa wa mwisho haukuwa na namba za vidole hata moja. Wino ulikuwa mwembamba, na mistari imeinama. Aliuandika akiwa tayari kitandani.

"Alama nne za kushusha zimerudi," nilisema. "Bila alama nyingine mbele ya noti, ni B. Na umbo lenyewe linakubali. Ni sehemu tatu, na sehemu ya kwanza hurudi mwisho."

"Yaani mimi ndiye sehemu ya katikati."

"Ndiyo yenye ngurumo," alisema Bi Ottilie, kwa upole kuliko nilivyotarajia.

Bi Hase alinigeukia. "Unaweza kuapa kwamba hapo mwishoni hakusahau? Mgonjwa, na homa ile?"

"Siwezi."

"Basi hujui."

"Sijui, Bi Hase. Nachapa kilichoandikwa."

Bwana Demuth alikohoa, akauliza jalada litakuwaje. Nilijibu kwamba katika mwandiko hakuna jina la mtu aliyetunukiwa, kwa hiyo hakuna la kuchapa. Alinitazama kama mtu aliyekanyagwa kidole, akawatazama wale wawili, akasema, "Haya, basi, bila jina," akatoka.

Bi Hase alivaa glavu zake, ya kulia kisha ya kushoto. "Nitakuja Jumapili, binamu," alisema. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. "Nataka kuona mwishoni utapiga nini."

"Hata mimi," alisema Bi Ottilie.

Jumapili tarehe 16 Machi, saa kumi alasiri, sebule ya Bwana Demuth ilikuwa imejaa, na dirisha moja lilifunguliwa kwa sababu ya joto la watu. Nilikaa kushoto kwa Bi Ottilie kumfungulia kurasa, kwa hiyo mkono wake wa kushoto nilikuwa nauona wote. Bi Hase alikaa mstari wa mbele.

Ukurasa wa kwanza, B, kwa kidole cha shahada. Ukurasa wa nne, H, kwa gumba, na Bi Hase akafunga kipepeo chake cha mkononi. Nilifungua ukurasa wa mwisho. Bi Ottilie aliinua mkono wa kushoto, akautazama, akaushusha. Alipiga B. Aliipiga kwa gumba, kidole cha H.