Nilivyompeleka Baba Kuninyima Kura

Niligombea ubunge wa jimbo kwa sababu bwana mmoja kutoka Charlottetown, mji mkuu wa kisiwa chetu, aliniambia nina sauti nzuri. Hakusema nina akili, na pengo hilo sikuliona mpaka uchaguzi ulipokwisha. Alikuwa amenisikia nikizungumza juu ya daraja ambalo mto wetu haukuwa nalo, akanishika mkono na kusema, "Bwana MacSwain, chama cha Liberali kinahitaji watu kama wewe." Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Mke wangu Effie alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Wamekosa nani hata wakuchukue wewe?" aliuliza.

"Wameona kipaji."

"Wameona mtu asiye na kazi wakati wa baridi. Bahati yako sisi wanawake hatupigi kura. Ningekunyima, halafu nikakosa pa kulala."

Effie alisema kweli, kama kawaida yake, na kama kawaida yangu sikumsikiliza. Kata yetu ilikuwa ya Wahafidhina tangu babu zetu waliposhuka melini kutoka Uskochi. Chama changu kilitaka jina tu la kujaza nafasi. Na katika Wahafidhina wote wa mto ule, aliyekomaa kuliko wote alikuwa baba yangu mzazi, mzee Ewen MacSwain. Juu ya kitanda chake, mahali ambapo wengine hutundika aya ya Biblia, yeye alitundika picha ya waziri mkuu wao wa zamani.

Nilipokwenda kumpa habari alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Umekuwa Liberali tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Jumanne, Baba."

"Utapona," alisema, akaendelea na kiatu cha pili.

Siku zile kisiwani kwetu kura ya karatasi ilikuwa haijaja. Mtu alisimama mbele ya meza ya msimamizi, wagombea wakiwa wameketi pale pale na majirani wamejaa mpaka mlangoni, akataja kwa sauti jina la anayemtaka, na karani akaandika. Ukimnyima mtu kura, ulimnyima huku anakutazama. Ni desturi nzuri kwa watu wenye ngozi ngumu, nami ngozi yangu ni laini kama ya mtoto.

Kwa hiyo sikuogopa kushindwa. Kushindwa kulikuwa wazi hata kwa farasi wangu. Nilichoogopa ni baba. Alikuwa mtu wa maneno machache, na katika hayo machache sikumbuki hata moja la kunisifu. Aliniita "wewe" au "kijana," ingawa nilikuwa na mvi. Nilitaka, na nasema wazi ingawa ni jambo la kitoto, baba yangu asimame mbele za watu alitaje jina langu kwa sauti, mara moja tu. Badala yake nilijua atasimama na kulitaja la Hector Gillis.

Huyu Gillis, mpinzani wangu, alikuwa na kiwanda cha kusindika kamba-mti, tumbo kubwa, na tabia njema iliyoniudhi sana. Mimi nilikuwa na daraja. Kila mkutano nilizungumza juu ya daraja kwa saa mbili, na watu walikaa kunisikiliza kwa kuwa jiko la kuni lilikuwa limewashwa. Kwetu akina MacSwain ni wengi kama mawe shambani, hivyo kila mmoja hupewa jina la utani la kumtenga na wenzake. Kabla kampeni haijafika katikati nilikuwa nimeshaitwa Murdoch Daraja, na mpaka leo ndilo jina langu.

Wiki moja kabla ya uchaguzi mto uliganda. Shule tuliyopigia kura iko ng'ambo, na kuzunguka kwa barabara ya juu kunakula nusu ya alasiri. Basi nikatoka mwenyewe na shoka, nikatoboa barafu hapa na pale kuipima unene, nikasimika matawi ya misonobari kwa mstari mmoja mpaka ng'ambo ili wapiga kura wajue njia salama. Halafu nikaringa nayo kila mkutano.

"Ndugu zangu, serikali imeshindwa kutuvusha miaka yote hii, mimi nimewavusha kwa asubuhi moja!" nilipiga kelele. "Barafu hiyo ni imara. Hata Bwana Gillis atapita na tumbo lake!"

Watu walicheka sana. Nikadhani ni kura.

Siku yenyewe mambo yaliniharibikia mapema. Ilikuwa ada ya waungwana wagombea kupeana kura. Gillis alisimama kwanza, akavua kofia, akatamka "Murdoch MacSwain" kwa adabu zote, akainama kidogo kwangu. Nami nikasimama na kifua mbele, nikatamka "Murdoch MacSwain!"

Shule nzima ikaangua kicheko.

"Jamani, mwacheni," mtu mmoja alisema kutoka nyuma. "Lazima apatikane hata mmoja anayempenda!"

Nikaketi na masikio yanayowaka. Kura zikaendelea. Gillis. Gillis. Gillis. Daraja. "Nani?" karani aliuliza. "Si huyo hapo, Murdoch Daraja, aliyejipigia." Gillis. Gillis.

Adhuhuri, nikiwa nakula mkate na chai pembeni ya jiko, niliwasikia watu wa Gillis wakipanga sleji zao, yale magari ya farasi yanayoteleza juu ya theluji bila magurudumu, za kuwafuata wazee.

"Na mzee Ewen je?" mmoja aliuliza.

"Yule mwacheni. Damu nzito kuliko maji, atampa mwanawe. Tubebe kura ya adui kwa farasi wetu?"

Watu wa upande wangu walikuwa wameshasema hawamfuati, kwa kuwa Mhafidhina yule habadiliki hata akifufuka. Na peke yake hakuweza kufika, maana nyonga yake ilivunjika akichimba tope la kome mtoni, lile tunalorutubishia mashamba. Kwa hiyo hakuna ambaye angemleta. Nilielewa hayo yote, nikanyamaza, nikamalizia mkate wangu kwa raha. Nilijiambia, afadhali nisimsikie kabisa.

Alasiri nilivuka kurudi upande wetu kuwasaka wapiga kura wangu wa mwisho. Mmoja alisema anaumwa, mwingine nilimwona miguu ikitokeza chini ya kitanda. Nikageuza farasi. Nilipopita mbele ya shamba la baba, nilimkuta langoni.

Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia ya manyoya, ameegemea fimbo. Theluji ilikuwa imemjaa mabegani, nyusi zimeshika barafu. Mbele yake hapakuwa na alama ya mguu hata moja, na nyuma yake zile za asubuhi zilikuwa zimeshafukiwa.

"Baba, unafanya nini hapa?"

"Nangoja sleji ya Gillis." Alitazama barabara. "Wamechelewa kidogo."

"Umekuwa hapa tangu lini?"

"Wamechelewa tu," alisema.

Mzee huyu hakuwahi kukosa uchaguzi tangu aote ndevu, na chama alichokitumikia maisha yake yote kilikuwa kimemfuta kwa sababu yangu. Na mwanawe alikuwa amejua, akala mkate. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii mdudu nilikuwa mimi.

"Panda, Baba."

Aliikagua sleji kama anayetaka kuinunua. "Hii ni sleji ya Liberali."

"Ni sleji yangu."

"Unajua nitamtaja nani."

"Najua."

"Basi usije ukaniendesha polepole."

Nikamwinua, nikamfunika ngozi ya nyati, nikamsogezea miguuni jiwe lililopashwa moto ambalo Effie alikuwa amenipa mimi. Tukaondoka. Nilikuwa mtu mwema kwa muda wote wa kutoka langoni kwake hadi ukingo wa mto. Pale wema ukaniishia. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye vilele vya miti na kituo kilikuwa karibu kufungwa. Nikavuta hatamu.

"Baba, hii barafu bado changa," nilisema. "Nahofia. Tuzunguke kwa barabara ya juu."

Baba aliutazama mstari wa matawi ya misonobari, moja baada ya jingine, mpaka ng'ambo.

"Miti hii kaisimika nani?"

Nilijifanya narekebisha glavu.

"Nakuuliza wewe."

"Mimi, Baba."

"Na si wewe uliyeapa kwamba hata Gillis atapita na tumbo lake?"

Niligeuka kumtazama. Mkutano wa upande wetu ulifanyika ukumbini, jirani na shamba lake, na baba hakuwamo. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nje, kwenye banda la farasi." Alivuta ngozi hadi kidevuni. "Sauti inafika. Maneno ni mengi mno."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikampiga farasi hatamu, tukashuka kwenye barafu, na nakuapieni sijawahi kuendesha kasi vile hata nilipokwenda kumwita mkunga. Barafu haikutoa hata mlio. Kazi nzuri kweli niliyoifanya, na ilaaniwe.

Tulipoingia shuleni, makelele yalikatika. Watu walisogea ukutani kumpisha. Baba alikwenda hadi mezani kwa mwendo wake wa kuchechemea, akavua kofia, maji ya theluji yakamtiririka usoni.

"Jina lako, mzee?" msimamizi aliuliza, ingawa alimjua tangu utotoni.

"Ewen MacSwain."

"Unampa nani kura yako?"

Baba akageuka akanitazama. Macho yale, lazima niseme, hayakuwa na ubaya wowote. Nami nikatabasamu, tabasamu la mtu anayeng'olewa jino.

"Hector Gillis," alisema. Walisikia hata waliokuwa nje na farasi.

Kicheko kilichofuata sijakisikia tena maishani. "Daraja kamvusha baba yake!" mtu alipiga kelele. "Kamvusha moja kwa moja hadi kwa Gillis!" Watu walishikana mabega, mmoja akaketi sakafuni. Gillis peke yake hakucheka. Alikuwa anawatazama watu wake wa sleji, nao walikuwa wanatazama viatu.

Baba akagonga sakafu kwa fimbo. "Sijamaliza!"

Vichwa vikageuka.

"Karani, andika. Nimeletwa na mwanangu, Murdoch. Wa Gillis hawakuja."

"Mzee wangu," karani alisema kwa upole, "hilo haliandikwi."

"Basi waliomo wasikie," alisema baba. "Mwanangu Murdoch MacSwain ndiye aliyenileta." Akavaa kofia.

Ningependa kuwaambia kwamba niliinuka na kujibu neno la maana. Nilikuwa nimetafuta maneno ya daraja kwa wiki tatu bila kukosa hata moja. Pale sikuwa na lolote. Nililia mbele ya wapiga kura, na wapinzani wangu wakaeneza kwamba nalilia kura.

Nilishindwa vibaya mno, kiasi kwamba kura ya baba haikubadilisha chochote, wala ya Gillis, wala ile yangu mwenyewe. Asiyekubali kushindwa si mshindani; nami nilikubali, na uchaguzi uliofuata nikagombea tena, kwa sababu mjinga akisifiwa sauti haponi. Safari hiyo kura ya siri ilikuwa imefika kisiwani: karatasi, penseli, pazia na sanduku. Nilimchukua baba kwa sleji ile ile, pasipo mtu kuniomba. Aliingia nyuma ya pazia, akakaa humo mpaka watu wakaanza kukohoa. Alipotoka nilimsaidia kupanda.

"Umemtaja nani, Baba?"

"Siku hizi hatutaji," alisema, akajifunika ngozi ya nyati hadi kidevuni.

Nilishindwa tena. Baba alifariki kabla barafu haijayeyuka. Tangu hapo watu hunisimamisha kanisani na dukani, wananipiga bega, "Daraja, mimi nilikupa kura," na ukiwakusanya wote ni wengi kuliko karatasi zangu zilizokuwamo sandukuni. Baba peke yake hakuwahi kuniambia.