Jiwe la Msingi la Kilimia

Mimi huuza mabomba. Duka langu liko River Road: mabomba, mifereji, masinki na gundi ya kuunganishia, na kwa muda mrefu niliamini kuwa nyumbani kwetu mimi ndiye mwenye kazi inayoeleweka. Mke wangu Mabruka huchora ramani katika ofisi ya wasanifu majengo huko Westlands. Mchana kutwa huchora vyoo vya maghorofa ya watu. Jioni akirudi hujenga chombo cha anga.

Nasema wazi ili msije mkadhani ni mafumbo. Ni chombo cha kusafiria baina ya nyota, kilichojengwa kwa vitofali vya plastiki, vile wanavyochezea watoto, vyenye vinundu juu na vishimo chini, ambavyo ukivibana hushikana. Hakikutoka kwenye boksi lenye picha na maelekezo. Alikibuni mwenyewe kwenye kompyuta, akakiita Kilimia, kama zile nyota ambazo babu zetu Lamu walizitazama kujua majira, kisha kikaanza kukua sebuleni kwetu Parklands. Kwanza kililala juu ya meza. Baadaye meza ikaondoka. Baadaye likaondoka kochi, likahamia dukani, na wateja wakawa wanalikalia wakisubiri risiti. Kilipofika urefu wa gari dogo, wageni wetu walikuwa wanakunywa chai jikoni, wamesimama.

Vitofali alivitafuta kila pembe. Alinunua magunia ya midoli ya mitumba sokoni Gikomba, akawasumbua jamaa wa Dubai, akaagiza vingine kwa mtandao. Vyote aliviosha kwa sabuni kwenye beseni na kuvianika juu ya mkeka, nami nikiamka kwa sala ya alfajiri nilivikanyaga. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga kitofali kwa mguu mtupu gizani asinihubirie subira.

Na gundi hataki kuisikia. Siku moja nilimwona akihangaika na bawa, nikamletea mkebe kutoka dukani, ile gundi nzito inayoshika bomba la maji machafu. Akaitazama kama nimemletea nyama ya nguruwe.

"Baba Mahira," akasema, "ukitia gundi hujajenga. Umebandika."

Hakusema nami tena hadi Jumapili. Kwa watu wa kazi hii gundi ni aibu. Kila kipande sharti kishikwe na mwenzake, na kiweze kutoka na kurudi. Kilimia yote ilisimama juu ya mguu mmoja mwembamba, hata ukiitazama kwa mbele ukadhani inaelea, na uzito wake wote ulishukia chini kabisa, kwenye safu moja ya vitofali vya kijivu. Hiyo safu alikuwa ameipigia hesabu mwaka mzima.

Lakini kilichomuumiza mke wangu si bawa wala mguu. Ni kwamba hakuna aliyeamini kuwa chombo ni chake. Majirani walikuja, wakashika vinywa, wakasema, "Mashallah, mtoto wenu ana akili." Mtoto wetu ni Mahira, anafanya kazi benki Mombasa na hawezi kukunja hata mwavuli. Fundi wa umeme aliuliza tulikinunua duka gani. Dada yangu aliuliza kama ofisini wamempa kazi ya ziada. Mabruka akisema, "Nimekijenga mimi," walicheka kwa adabu kisha wakanigeukia mimi, wakingoja jibu la kweli.

Jioni moja aliniambia, "Nataka kisimame mahali pa watu. Wakione, na wajue ni mkono wangu. Mara moja tu. Wasipojua, nitakivunja na kuuza vitofali, nawe urudishiwe sebule yako."

Nilikubali haraka kuliko mume mwema anavyopaswa kukubali.

Haikupita muda akaja dukani Haron Kibe, mwenyekiti wa kamati ya wenye maduka katika jengo moja la biashara huko Karen. Alitaka mifereji ya vyoo, ile inayojifunga yenyewe. Alikaa kwenye kochi letu, akaona picha ya Kilimia niliyokuwa nimeibandika ukutani.

"Boss, hii ni nini?"

"Chombo cha anga. Amekijenga mke wangu."

"Wacha. Na huyo mtoi wenu ako class gani?"

Nikamweleza upya, polepole. Sijui kama alisikia, maana tayari alikuwa amesimama akipima ukubwa kwa mikono.

"Hii kitu lazima ikuje Karen," akasema. "Holiday ya Desemba wazazi wanatafuta mahali pa kupeleka watoto. Tutaizindua. Tutaita mheshimiwa."

Mabruka alipopata habari alinikumbatia palepale mlangoni, na mkoba wangu bado uko begani. Tangu siku hiyo Karen wakaunda kamati. Palikuwa na kamati ya mapokezi, kamati ya hema, kamati ya chakula na kamati ya usalama, na ndani ya kamati ya mapokezi palikuwa na kamati ndogo ya zulia jekundu. Kamati ya chombo haikuwapo. Sikuona ajabu. Nimeishi katika mji huu vya kutosha.

Wiki ya uzinduzi, Kibe akaja nyumbani na programu. Akala sambusa, akasifu sambusa, akasoma: sala, ngoma ya wanafunzi, hotuba, hotuba nyingine, kuweka jiwe la msingi, neno la shukrani, chakula. Kisha akatoa simu atuonyeshe picha ya jiwe la marumaru lililokwisha kuchongwa. Lilisema kuwa jiwe la msingi la chombo hiki liliwekwa na mheshimiwa fulani, kwa vyeo vyake vyote, mbele ya mwenyekiti Haron Kibe.

Mabruka alilisoma, akalisoma tena.

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe uko kwa neno la shukrani, madam. Utatushukuru."

Nilijishughulisha na chai. Mabruka akavuta pumzi, akauliza kwa upole ambao mimi ninaujua na ninauogopa, "Jiwe la msingi huwekwa kabla ya kujenga, Bwana Kibe. Hiki si kimekwisha?"

"Hiyo ni protokali, madam. Mheshimiwa huweka jiwe la msingi. Hata ile daraja ya juzi, magari ilikuwa ishapita juu miaka mbili, na bado aliweka."

"Nimeacha nafasi moja juu, puani. Aweke kitofali cha mwisho. Itakuwa heshima kubwa zaidi."

"Apande ngazi? Mheshimiwa na ngazi?" Kibe alitikisa kichwa kwa huruma. "Ni chini, na mwiko ya saruji. Tushanunua mwiko ya kung'aa. Si utoe tu hako kamoja ka chini, arudishe, tupige makofi, tuende kwa chakula?"

"Nikikatoa hako kamoja, chombo kinamwangukia mheshimiwa."

Kibe alilifikiria hilo kwa makini. "Basi tutakishikilia. Nitaleta vijana wanne."

Hapo nikamtazama mke wangu nikijua sasa anamwaga chai. Hakumwaga. Aliitazama Kilimia kuanzia puani hadi kwenye injini, kisha akamgeukia Kibe.

"Kwa hiyo programu haibadiliki?"

"Ishaprintiwa. Na marumaru ishachongwa."

"Basi mtapata jiwe lenu la msingi. Niachieni mimi."

Kibe akaondoka na furaha yake, na sambusa moja ya njiani.

Kesho yake niliporudi kutoka dukani, bawa moja halikuwapo. Mpango wetu ulikuwa kukitoa chombo mlangoni kwa mapande makubwa na kukiunga upya Karen. Lakini Mabruka alikuwa ameketi sakafuni, analivunja lile bawa kitofali kimoja kimoja, na kuvipanga makashani kwa rangi. Siku iliyofuata likaenda bawa la pili, na shingo. Kisha ukaenda mguu.

"Mama Mahira, si ungewaambia tu hapana?"

"Nimewaambia ndiyo."

Akavuta kasha jingine. Nikaona nimeelewa: amekata tamaa, na makubaliano ni makubaliano. Mimi na Kilonzo, kijana wangu wa dukani mwenye mvi, tukalirudisha kochi. Nikakaa sebuleni kwangu, nikanyoosha miguu, nikasikia saa ya ukutani, ambayo nilikuwa nimesahau kama tunayo. Nilikuwa nimeshinda. Na niliona uchungu, uchungu hasa, hata nikaenda kunywa chai jikoni nimesimama.

Jumamosi tulifika Karen na makasha yetu mapema. Hema lilikuwa tayari, zulia lilikuwa tayari, ile marumaru ilikuwa ukutani nyuma ya pazia dogo la zambarau. Katikati ya ukumbi palikuwa na jukwaa pana, limefunikwa vizuri, na juu yake hapakuwa na kitu. Mabruka akapanga makasha nyuma ya jukwaa na kuyafunika kwa kanga. Kibe alipoingia, alilizunguka jukwaa lote.

"Madam, chombo iko wapi?"

"Makashani."

"Makashani namna gani? Mheshimiwa amefika Dagoretti Corner."

"Bwana Kibe, mlitaka jiwe la msingi. Jiwe la msingi linahitaji mahali patupu. Nimewatengenezea mahali patupu." Akamwonyesha jukwaa kwa mkono. "Hata kamati yenu isingepata patupu kuliko hapa."

Kibe alinigeukia mimi nimsaidie. Nikatazama dari. Ilikuwa na mabomba mazuri, sikuyauza mimi.

Kwa msongamano wa magari wa barabara ile, kufika Dagoretti Corner ni jambo moja na kufika Karen ni jambo jingine. Mheshimiwa aliingia wakati watoto wa ngoma wameshalala vitini, akahutubia kuhusu barabara, kisha vijana, kisha barabara tena, na akaahidi kuwa serikali itahakikisha hakuna kijana wa Kenya atakayeachwa nyuma katika safari ya mwezini. Halafu wakampa mwiko. Mabruka akamsogelea na kitofali kimoja cha kijivu kwenye kiganja.

Mheshimiwa akakichukua, akatafuta kwa macho huku na huko. "Saruji iko wapi?"

"Hakina saruji, Mheshimiwa. Bonyeza tu."

Akabonyeza kwenye kibao cha plastiki chenye vinundu, ambacho Mabruka alikuwa amekilaza jukwaani kiwe msingi. Makofi yakapigwa, pazia likavutwa, picha zikachukuliwa. Kisha akauliza, "Na hii itakwisha lini?"

"Likizo ikiisha. Nimechukua ruhusa kazini."

Alifurahi. Sisemi kwa kejeli, alifurahi kwa dhati, akampa Mabruka mkono na akaurudia. Nadhani katika maisha yake yote ya utumishi hakuwa amewahi kuweka jiwe la msingi la kitu ambacho hakijajengwa.

Magari yalipoondoka, Mabruka alivua viatu, akapanda jukwaani, akavuta kasha la kwanza. Wale waliobaki kumaliza pilau wakasogea na sahani zao. Jumapili wakaja wengine. Katikati ya wiki palikuwa na foleni, na Kibe, ambaye kwanza alikuwa amekasirika na kuninyima salamu, akaning'iniza bango la kuwakaribisha watu kuona chombo kikijengwa. Watu waliokuja kununua mkate walisimama saa nzima. Walimwona akipima, akikosea, akivunja, akirudia. Hakuna aliyeuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Waliouliza "Nani anajenga?" walioneshwa mwanamke mwenye buibui aliyelala chali chini ya bawa na tochi mdomoni.

Everlyn, askari wa mlangoni, akajipa kazi ya kueleza. "Si ya kununua," aliwaambia watu huku akiwakagua mikoba. "Anaitoa kwa kichwa." Mimi nilimwachia Kilonzo duka, nikawa nampokeza Mabruka vipande. Mara nyingi nilimpa visivyo, naye alivirudisha bila kunitazama. Sijawahi kufurahi hivyo nikifanya kazi nisiyoielewa. Kochi nimelirudisha dukani na wateja wanalikalia.

Kile kitofali cha mheshimiwa kilikuwa kimekaa upande, nje ya mstari. Mabruka alikuwa ameking'oa siku ileile, kabla ya kuanza, akampa Kibe kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Kibe alihangaika nacho siku kadhaa, akiogopa kukitupa na akiogopa kukipoteza, kisha akanijia akinong'ona kama ninauza kitu cha kukibandikia. Nikampa ile gundi ya mabomba ya maji machafu. Sasa kiko ukutani chini ya marumaru, na hakitoki hata kwa patasi.

Siku ya mwisho Kilimia ilikuwa imesimama yote juu ya mguu wake mmoja, na Mabruka alikuwa juu ya ngazi, ameshika kitofali cha puani. Bwana mmoja mwenye vikapu vya sikukuu alisimama mbele ya marumaru, akamsomea mkewe kwa sauti: jiwe la msingi, mheshimiwa, vyeo vyote, mwenyekiti. Mkewe akasikiliza mpaka mwisho. Akaitazama marumaru, akakitazama chombo, akamtazama mwanamke aliye juu ya ngazi.

"Na huyu?"

"Huyu," Everlyn akasema, "ndiye aliweka hayo mengine yote."