Kataa Iko Kushoto

Nyumba ya mama yangu haipo tena. Walipanua barabara. Walichora alama nyekundu ukutani, wakatoa miezi mitatu, kisha mashine ikaja siku ya Jumanne, na kufikia adhuhuri palikuwa na anga pale palipokuwa na paa. Mimi ni fundi bomba. Nilikwenda mapema kufunga maji kwenye mita, maana sikutaka mtu mwingine ayafunge. Nilipomaliza nikasimama kando nikatazama.

Kabla ya siku hiyo mama alikuwa amepiga picha. Hakumwambia mtu. Asubuhi ya kuhama, watu wa lori wakiwa bado hawajafika, alichukua simu niliyomnunulia, akaanzia nje mlangoni, akaingia ndani, akapiga kila alichokikuta: kizingiti, ukumbi, misumari iliyobaki ukutani, korido, jikoni, ua, mpaka akatokea mlangoni tena. Picha mia mbili na kumi na nne. Tangu ahamie kwangu, simu hiyo hailali mezani. Analala nayo.

Tatizo ni macho. Daktari alimwambia waziwazi kwamba ugonjwa alionao haurudishi ulichochukua, na kwamba kabla mwaka haujaisha huenda akabaki anaona mwanga na giza tu. Vitu vikubwa bado anaviona akivisogelea. Picha za kwenye simu hazioni. Huishika simu karibu na pua, akaipindua huku na huku, mwisho akaiweka mapajani na kusema leo taa hafifu. Taa haikuwa na neno.

Mke wangu ana kompyuta yenye kioo kipana pale sebuleni, anachapia watu barua na fomu. Mama alisikia kwamba picha zinaweza kuhamishiwa humo zikawa kubwa kama dirisha. Akaniomba jambo moja, na mama yangu si mtu wa kuomba. Alitaka kuipitia nyumba yake mara moja zaidi akiwa bado ana cha kuonea. Nikamwambia Jumamosi.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana mke wangu alivuta mapazia ili kioo kionekane vizuri. Mapazia yetu ni ya manjano. Jua likiyapiga, sebule inakuwa kama ndani ya chupa ya asali, na hata sauti zinatembea polepole. Mama alikaa kwenye kiti karibu na meza, simu mapajani, waya ukipanda kutoka kwake hadi kwenye kompyuta kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu. Nikachomeka. Hakuna kilichotokea.

Maji yasipotoka, huanzi kugonga koki. Unaanza kwenye tangi, unafuata bomba kipande kwa kipande mpaka umfikie mwizi wako. Nikaanza na waya. Mke wangu aliutazama akasema anadhani huo ni wa kuchajia tu. Nikamwambia waya ni waya. Nikaenda hata hivyo, dukani kwa yule tunayemwita Mzee Nyaya, naye akaniuliza kama nataka wa kuchaji peke yake au wa kuchaji na kupitisha vitu. Sikujua kuna tofauti. Miaka yote hii nawacheka wateja wasiojua bomba la maji safi na la maji machafu, kumbe na mimi nina mahali pangu pa kuchekwa.

Kwa waya mpya kompyuta iliguna kidogo, kama mtu aliyeguswa usingizini. Folda ikafunguka. Ilikuwa tupu.

Tukahamisha waya tundu la nyuma. Ikaguna, tupu. Tukazima kompyuta tukaiwasha, tupu. Mke wangu akasema huenda imejaa, akafuta fomu za watu za mwaka juzi, nafasi ikapatikana tele, na folda ikabaki vilevile. Nikaomba simu niizime na kuiwasha mimi, mama akakataa kuitoa, akaizima mwenyewe kwa vidole viwili. Nilimwelewa. Nyumba nzima imo humo, angenipa vipi niishike kwa mikono hii inayoangusha vikombe.

Kila tuliposubiri mashine iamke, mama alizungumza, na sikuwa na hakika kama anazungumza nasi. Alisema sakafu ya ukumbini ilikuwa baridi upande wa kushoto na vuguvugu upande wa kulia, kwa hiyo hata gizani unajua unaelekea wapi. Alisema mlango wa jikoni ulikuwa na mahali palipolainika kwa bega la baba. Feni ilizunguka. Macho yake yalikuwa yamefumba nusu, na kwa mwanga ule wa manjano alionekana msichana, kisha akaonekana mzee sana, kisha msichana tena.

Mimi nilikuwa nimeanza kuisemesha kompyuta maneno ninayoyatunzia mabomba yenye kutu.

"Fundi," mke wangu akasema, "hiyo haifunguliwi kwa spana."

Nikachomoa, nikachomeka waya mpya kwa mara ya saba. Safari hii sikutazama kioo. Nilikuwa nimechoka, nikatazama mapaja ya mama tu. Na hapo nikaona. Simu ilitetemeka, kioo chake kikawaka, na kidole gumba cha mama kikateleza kushoto kikabonyeza, taratibu, kama mtu anayefukuza nzi bila kuamka.

Nikamuuliza anabonyeza nini.

"Nakataa," akasema.

"Unakataa nini, mama?"

"Nitajuaje? Inauliza, nakataa. Si uliniambia mwenyewe?"

Ni kweli nilimwambia. Mwaka jana tapeli mmoja alimliza jirani wa mama kwa simu, nikaogopa, nikamketisha mama chini nikamkaririsha kama mtoto wa chekechea: simu ikikuuliza chochote, usisome, usijibu, kataa. Kataa iko kushoto. Nilimfanya arudie mara kumi. Nikajisifu kwa mke wangu kwamba mama sasa hatapeliki. Na hatapeliki kweli. Simu ilikuwa imemuuliza mara saba kama kompyuta hii iruhusiwe kuona picha zake, na mara saba mwanafunzi wangu alikuwa amefaulu.

Mke wangu alinyanyuka akaenda jikoni. Tulimsikia akicheka huko, ameziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Mama naye akatabasamu, akaniambia hajawahi kuona mwalimu anayemsumbua mwanafunzi wake mchana kutwa kwa kushika somo.

Nikamwambia safari hii abonyeze kulia. Nikachomoa, nikachomeka. Simu ikauliza. Kidole chake kikasimama hewani, hakikushuka.

"Zikihamia huko," akauliza, "huku kitabaki nini?"

"Zitabaki kotekote."

"Mimi nilihama mara moja. Nyuma yangu hawakuacha kitu."

Kazi yangu yote ni vitu ambavyo vikitoka huku vinapungua. Mwisho nikamwambia ukweli, kwamba sijui picha zinavyotembea, lakini najua si maji, na kwamba zikipotea hata moja anitimue kwenye nyumba yangu mwenyewe. Alifikiri. Akanishika mkono, akakiweka kidole changu juu ya kidole chake, tukabonyeza pamoja.

Folda ikajaa vijidirisha vidogo, vikimiminika. Ishirini, thelathini. Vikafika arobaini na moja, vikakatika.

Nikasema neno ambalo sitaliandika. Mke wangu alirudi, akasoma kilichoandikwa, akaeleza kwamba simu imelala. Ikikaa bila kuguswa inajifunga, na ikijifunga kila kitu kinakatika. Akasema ngoja atafute pa kubadilishia hilo. Mama akamwambia, "Acha, mkwe wangu. Nimekesha na watoto wanne, huyu mmoja atanishinda?"

Basi akaiweka macho. Aliifungua simu, tukaanzisha upya, naye akaanza kuipapasa kwa kidole gumba, kutoka juu kwenda chini, kutoka juu kwenda chini, vilevile alivyokuwa akitupapasa paji la uso tulipokuwa na homa. Kioo hakikuzima. Mke wangu akasinzia kitini. Nje mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu linalolia, likapita, likaendelea kupita kwa muda mrefu kuliko urefu wa mtaa wetu. Nadhani na mimi nilisinzia. Nilipoangalia tena, mia mbili na kumi na nne zote zilikuwa zimefika, na mama bado anapapasa.

Nikafungua ya kwanza, ikajaa kioo kizima. Mama akavuta kiti mpaka magoti yakagusa meza.

Ilikuwa jikoni. Ya pili ilikuwa ukumbini. Mama akatikisa kichwa.

"Hapana. Huwezi kutoka jikoni ukaangukia ukumbini. Korido iko wapi?"

Kompyuta ilikuwa imezipanga inavyojua yenyewe. Mke wangu akaamka, akabonyeza mahali, akazipanga kwa saa zilivyopigwa, na nyumba ikarudi mahali pake. Kizingiti. Mlango. Ukumbi. Katika kila picha, pembeni, kulikuwa na kivuli cheusi cha kidole gumba cha mama, kwa hiyo ilikuwa kama anatembea mbele yetu na hageuki.

Mimi nilishika mausi, yeye alinipa mwendo. Alisema taratibu. Alisema simama hapa. Alisema sogea, huo ni ukuta tu, lakini usiuruke. Kwenye korido aliinama mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Sikujua anaona kiasi gani na sikumuuliza.

Uani, picha ya mia moja na sitini na kitu, kulikuwa na bomba langu. Bomba la kwanza nililofunga maishani, nikiwa na miaka kumi na mitano, nimetoka tu kuacha shule na najiona fundi mkuu. Lilivuja toka siku ile. Ukutani chini yake kulikuwa na mchirizi wa kijani. Mara ngapi nilikwenda na spana kulirekebisha, na baba akanikatalia mlangoni. Siku zote nilijua alitaka kuniaibisha.

"Hilo lilikuwa linamlaza baba yako," mama akasema. "Usiku asipolisikia, anauliza mtoto ameenda wapi."

Nilibonyeza picha iliyofuata kwa sababu nilihitaji kubonyeza kitu. Tukamaliza ua, tukapita ubavuni mwa nyumba, tukatokea mlangoni. Kioo kikasimama.

"Anza tena," akasema.

Nikaanza. Safari hii hakusogea karibu. Aliegemea kiti, akafumba macho kabisa, na kila nilipobonyeza alitaja kilichopo. Kizingiti. Mlango. Msumari wa kalenda. Msumari usio na kazi. Alikosea mahali pawili, nikamwambia, akarudi nyuma akapanga upya. Mara ya tatu alikosea mahali pamoja. Ndipo nikajua kwamba hakuniomba kuiona nyumba yake. Aliniomba nimsaidie kuikariri njia, ili macho yakishaondoka awe anaweza kuingia mwenyewe, bila waya, bila mtu wa kumshika mkono.

Mara ya nne hakukosea hata kimoja. Mapazia yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya chungwa. Tulipofika uani alinyanyua mkono kidogo, nikaacha kubonyeza, tukatega masikio wote watatu.

Kwangu hakuna bomba linalovuja. Nilikagua yote asubuhi ile kwa mikono yangu. Lakini nilisikia tone likianguka, kisha nikasubiri, kisha likaanguka la pili.