Wote Wamesema Mashallah

Hebu mweke machoni Mbwana, fundi wa faiba, ile plastiki ngumu ya kuundia mashua, amesimama ndani ya karakana ya mashua nyuma ya Ukunda, simu mkononi, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na mbele yake Amin, mwenye karakana, ameshika msumeno akingoja jibu, na kichwani mwa Mbwana mna neno moja tu linalozunguka, pamebonyea, ati pamebonyea, mtu yuko Msambweni, hajakigusa, hajakipapasa, ametazama picha kwenye simu akaona pamebonyea, na kile kibawa, spoila kama wenye magari wanavyokiita, kile kinachokaa juu ya buti la gari la mbio la zamani, Mbwana amekisugua kwa msasa wa maji mpaka kiganja kikawa kinateleza kama juu ya yai, pamebonyea wapi... "Mbwana, ndugu yangu, mimi sikufukuzi," anasema Amin, "lakini boti ya kisiwani Chale inaletwa leo kutengenezwa, na kalibu yako imelala pahali pake," ndiyo, kalibu, lile umbo ambamo kila kibawa hutandazwa tabaka kwa tabaka kikakauka, limelala juu ya meza ndefu, na ni nani aliyesema jana mbele ya watu, ikifika adhuhuri hajatokea mtu wa kweli ikateni, si yeye mwenyewe, kwa ulimi wake, na nyumbani Twaiba ameshamwambia, mume wangu, chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja, sasa hicho kidude kilale wapi, kati yetu, kwa hivyo ikikatwa imekatwa, haitapatikana nyingine, maana gari alilolichukulia umbo lilikwenda bara na mwenyewe hapokei simu, na vibawa vya asili vimekwisha duniani, vimepasuka kwa jua, vimeng'oka, hakuna anayeviuza tena, ndiyo maana aliuliza, si aliuliza vizuri, aliweka picha kwenye kundi la wenye magari ya zamani, akaandika salamu kwanza, asalaam aleikum ndugu zangu, nataka kujua tu, nikivitengeneza hivi ni nani atakayependa, basi, swali la adabu, halina mtego, na wakajibu, ee wakajibu, Mashallah fundi, Mashallah mikono hiyo, Mwenyezi Mungu akuzidishie, Kibwana akaandika hii kazi ya Ulaya kabisa, na yule kijana wa bara anayeendesha watalii Diani akaandika fundi hiyo ni moto, niekee yangu, na Mahir, Mahir wa gari jeupe, alimshika bega mlangoni mwa msikiti, mbele za watu, akamwambia Mbwana wewe ni johari, wallahi ni johari, lakini alipoulizwa gari lako ni la mwaka gani, nije nipime, Mahir akatazama viatu vyake, akasema tutaonana inshallah, na kila mmoja ni inshallah, mwezi ukiandama inshallah, mgeni wangu akiondoka inshallah, wanalitumia jina la Mungu kama pazia la mlango, wanajificha nyuma yake, kwa nini mtu mzima asiseme sitaki, sina haja, gari langu nimelifanya banda la kuku, kwani atakufa akisema, "Hata kahawa yako imepoa," anasema Amin, "unaniangalia lakini hunioni, yakhe," na kati ya sifa zote hizo, asali tupu, anatokea huyu Nusaiba wa Msambweni, jina ambalo hajawahi kuliona kwenye kundi, bila mashallah, bila pole na kazi, Kaka Mbwana, tundu za bolti umezipima kwa gari la taa za zamani au la taa mpya, na upande wa kushoto chini mbona ni kama pamebonyea, na je, maji ya mvua yatapita chini yake au yatasimama... maswali, maswali, kama mkaguzi, hakumsifu hata kwa neno moja, asubuhi nzima hasira yote imemwendea yeye, si Mahir, si Kibwana, yeye, kwa nini yeye...

"Mashallah, mchuzi huu, Mwanafatuma, mashallah," wanasema wageni, Mbwana ni mtoto mdogo tena, amekaa ukutani ana sahani yake magotini, mama yake amesimama na upawa, wageni wanasifu nazi, wanasifu samaki, wanasifu mikono yake, na mama anatabasamu na kuanza kukusanya sahani, mama mbona unawaondolea, na bado wanasifu, na mama akiwa jikoni akamwambia polepole, mwanangu, hao wameshiba, wanaaga, muangalie bibi yako pale pembeni anayenung'unika kwamba chumvi imezidi, huyo mpelekee wali, huyo bado anakula... na Mbwana akacheka wakati ule bila kuelewa, na sasa hacheki, kidole chake kimeteremka chenyewe kwenye simu mpaka kwenye ujumbe wa Nusaiba, kumbe chini yake kulikuwa na picha, hakuifungua, hasira haikumpa nafasi, anaifungua, buti la gari jekundu lililopauka, chini ya kibanda cha makuti, limefutwa vumbi safi, hakuna kibawa, kuna tundu mbili kila upande, na kila tundu imezibwa kwa nta ya mshumaa, imesawazishwa kwa kidole, alama ya kidole inaonekana, na maneno chini yake, gari la marehemu baba, mvua inaingia ndani nikisahau kuziba... alama ya kidole, mtu anayeziba tundu kila mvua ikikaribia, huyo ndiye anayeuliza tundu zimepimwa vipi, huyo ndiye anayeuliza maji yatapita wapi, wengine wote walikuwa wanaaga, ya Rabbi, wote walishamwambia hapana, kwa upole wote wa pwani, na yeye mtoto wa pwani akahesabu hapana zao kama ndiyo, akaendelea kuwatunzia kalibu, na aliyekuja kununua akamkasirikia kwa kuwa hakusifu... anageuza shingo atazame kibawa kilichoegemea ukutani, upande wa kushoto, chini, mwanga wa mlangoni unakipiga kwa ubavu, na ndiyo, pamebonyea, kidogo tu, kama shavu la mtoto anayenyonya ubuyu, na juu ya kibawa, kwenye paa, boriti mbili ziko tupu, kalibu ikifungwa kamba huku na huku itaning'inia pale, boti ya Chale itapita chini yake bila kuigusa.

"Basi nikate," anauliza Amin, "au tuseme inshallah?" na msumeno uko pale pale mkononi mwake, kahawa imepoa vile vile, vumbi liko kwenye kope, na ulimini mwa Mbwana limeshakaa neno la wazi ambalo kwa mwezi mzima hakuna mtu aliyemfanyia hisani ya kumwambia, hapana. Nawe uliyesimama naye hapa kwa dakika hizi, ukiyasahau mengine hayadhuru, ila tafadhali zikumbuke zile tundu zilizozibwa kwa mshumaa.