Picha za Kikaango

Mama yule aliingia kliniki ya meno bila jino lolote linalomuuma. Alikuwa amemshika binti yake mkono, na alipofika mezani kwa mpokezi akamfunua binti mtandio bila hata salamu.

"Mtazame vizuri. Haya ndiyo uliyomfanyia mwanangu."

Mashavu ya binti yalikuwa yametapakaa vipele vyekundu, vingine vimetunga usaha. Mpokezi akapigwa na butwaa. "Mama, samahani. Mimi hata simfahamu."

Mama akamsogezea simu usoni. Palikuwa na picha mbili zimewekwa sambamba. Kwenye ya kwanza, msichana kajifunga taulo, chunusi zimemjaa, uso unameremeta mafuta na macho yamevimba kwa kulia. Kwenye ya pili, msichana huyohuyo anacheka, ngozi imetulia tuli. Chini yake pameandikwa: "Huyu ni mdogo wangu, shuleni walimwita Kikaango. Ameponywa na krimu yangu!"

"Si wewe huyu?"

Wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi wakainua vichwa, hata yule aliyevimba taya. Mpokezi akajikaza kisabuni. Akamwambia mama yule ukweli, kwamba krimu hiyo hajawahi kuitia usoni hata siku moja, na kwamba binti aiache kabisa na aonwe na daktari wa ngozi. Akaeleza yote hayo kwa sauti ya kazini, kisha akaenda msalani, akafungulia bomba na kulia.

Aliyeweka picha zile alikuwa dada yake, mtoto wa mama yake mkubwa. Walilelewa nyumba moja na kulala kitanda kimoja. Enzi zile wavulana walikuwa wakisema paji la uso wa mpokezi linatosha kukaangia mayai, naye akawa anajisugua kwa limau, chumvi, mpaka sabuni ya kufulia, na kadiri alivyojisugua ndivyo mafuta yalivyozidi kutoka. Dada ndiye aliyemnyang'anya limau. Ndiye aliyemnunulia sabuni laini ya maji ya kunawia uso asubuhi na jioni, jeli nyepesi isiyo na mafuta, na losheni ya kukinga jua, vyote vya bei chee kutoka kibanda cha kona. Baadaye akamfundisha na kujipamba: fandesheni iwe tone tu, na poda ikandamizwe kwa sponji, isisuguliwe. Uso ukatulia taratibu. Ile picha ya taulo dada aliipiga siku mbaya kuliko zote. "Ni ya kwetu wawili," alisema, "tuone tulikotoka. Nitaifuta."

Jioni ile alipotoka kazini, mpokezi alikwenda moja kwa moja dukani kwa dada yake. Dada alikuwa anampamba mteja, mbele ya kioo kilichozungushiwa taa. Nyusi moja ilikuwa tayari, nyingine bado. Makopo ya krimu yalikuwa yamepangwa mpaka darini.

"Dada, ile picha."

"Umeiona! Ile ya pili umetoka bomba kweli."

"Uliniambia utaifuta. Na mimi hiyo krimu yako sijaitumia."

"Punguza sauti, nina mteja."

"Mteja naye asikie. Leo nimeletewa mtoto wa watu kaumuka uso mzima."

Dada akaweka brashi chini. Hakuonekana kuona haya, alionekana kuchoka. "Ulitaka niwaambie nini watu? Kwamba ulipona kwa sabuni ya kibandani? Nani angenunua kwangu? Halafu huo uso ni nani aliyeutengeneza? Na mimi nina haki nao kidogo."

Mteja akajitazama kwenye kioo, akasema kwa upole, "Samahani jamani, naomba mnimalizie kwanza hii nyusi." Siku nyingine wangecheka wote watatu mpaka mbavu ziwaume.

Mpokezi alifika nyumbani roho ikimuuma, akamwaga yote mbele ya mama yake. Mama akamsikiliza huku anakunja nguo, akikunja kanga ileile mara ya pili, ya tatu.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Dada yako aliniuliza. Ndiyo kwanza alikuwa anafungua duka, mwanangu. Nikamwambia aweke tu."

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Ungekataa."

Mpokezi akamtazama mama yake kama mtu aliyekosea mlango. Akaingia chumbani akajifungia.

Dada aliziondoa picha baada ya mama wa yule binti kumvamia dukani, lakini zilikuwa zimeshasambaa, na hata mfagizi wa kliniki alizipata kwa shangazi yake. Wengine wakaanza kumwita mpokezi Kikaango kwa utani. Alikuwa anaitikia, basi.

Asubuhi ya ndoa ya mpokezi, iliyofungwa kwa msajili bila makeke, dada alibisha hodi na sanduku lake la vipodozi. Walikuwa wamepatana tangu utotoni kwamba siku hiyo dada ndiye atakayempamba. Mpokezi akafungua mlango akiwa ameshajipamba mwenyewe.

Dada akamkagua kwa jicho la kazi, toka paji la uso hadi kidevu. "Umepatia," akasema. "Poda imekaa vizuri."

"Nilifundishwa vizuri."

"Mdogo wangu, nilikosa. Nisamehe."

"Nimesikia, dada."

"Basi nikae na wewe mpaka gari lije?"

Mpokezi alitamani kusema ndiyo. Alitamani mno. Lakini kila alipomtazama aliona lile taulo.

"Wageni wanakaa sebuleni," akamwambia. "Mama atakupa chai."

Akasubiri dada ashike tena sanduku lake na kugeuka, ndipo akafunga mlango polepole, usije ukagonga.